Babu mzaa babu alichukuliwa na Wajerumani hakurudi, lakini babu kazaliwa mwaka wa nzige. Inawezekanaje?

Mjukuu wa Mvumi aliuliza:

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wenye uelewa wa historia hasa ya huku kwetu Mvumi, Dodoma, ila hata wa mikoa mingine karibuni maana nahisi hili tatizo wengi mnalo majumbani.

Mwaka juzi tulimzika babu yetu mzaa baba. Pale kaburini msalaba ukaandikwa amezaliwa 1 Januari 1940 kwa sababu ndo tarehe iliyokuwa kwenye kitambulisho chake. Wazee waliokuwa wamekaa chini ya mti wakaanza kunong'ona, mmoja akasema kwa sauti kabisa, "Huyu tulimuona akienda Kongwa kwenye karanga, wa arobaini angeendaje?" Baba akanyamaza, fundi wa msalaba ameshalipwa, basi tukazika hivyo hivyo. Ila mimi ile kauli haikunitoka kichwani, nikaona aibu kwamba tunamzika mtu aliyetulea na hatujui hata kazaliwa lini.

Toka siku ile nikaanza kuzunguka kwa wazee na simu yangu narekodi. Nina kama masaa kumi na moja ya sauti mpaka sasa. Shida ni kwamba wazee wetu hawataji mwaka hata mmoja, wanataja matukio tu. Sasa nikiyapanga yanagongana. Hivi ndivyo ninavyoambiwa na karibu wote:

Babu mzaa babu alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo, wakaondoka nae na hakuonekana tena. Wakati anachukuliwa mke wake alikuwa na mimba, akajifungua mtoto wa kike Mtunya inaanza, huyo ndo dada mkubwa wa babu. Babu yeye kazaliwa mwaka wa nzige. Halafu akaenda Kongwa kwenye karanga akiwa kijana, katoka jando miaka michache, hajaoa. Halafu wakahamishwa kwenye operesheni ya kuhamia vijijini na tembe la zamani likabomolewa, hapo baba yangu alishazaliwa na anakumbuka kila kitu.

Mnaona tatizo lilipo. Kama baba yao hakurudi, huyu babu yangu kazaliwaje baada ya dada yake? Au nzige walikuja kabla? Nikiwauliza wazee wanasema "ndivyo ilivyo" na wanaendelea na mambo mengine. Mmoja alinikatia maongezi kabisa akaniambia niende nikaangalie mbuzi.

Naombeni mwenye kujua miaka ya haya matukio anisaidie, na mwenye uzoefu wa kuandika ukoo aniambie mlifanyaje mlipofika sehemu kama hii. Natanguliza shukrani.

---

Chaminade wa Area C:

Mkuu Mtunya ni njaa kubwa ya wakati wa vita ya kwanza ya dunia, bibi yangu alikuwa akitaja hilo neno anashusha sauti. Neno lenyewe maana yake ni kama kugombania, kunyang'anyana. Nzige sijui. Ngoja waje wenye kujua, nafuatilia uzi.

---

Mwalimu Mstaafu:

Kijana, kwanza pole na msiba hata kama ni wa mwaka juzi. Nimefundisha historia sekondari miaka mingi na nikwambie ukweli, ulichokusanya wewe kina thamani kubwa. Usione kwamba wazee hawana kalenda. Wanayo, ila imeandikwa kwa njaa na mvua na serikali zilizopita juu yao. Hata makarani wa sensa hupewa orodha ya matukio ya eneo ili wakadirie umri wa wazee wasiojua mwaka wao, kwa hiyo unachofanya wewe ni kazi halali kabisa.

Sasa twende taratibu, tuanze na kile kisichoyumba.

Waingereza waliingia Dodoma mjini tarehe 29 Julai 1916. Walitokea Kondoa, ambako walikuwa wameshafika toka Aprili mwaka huo. Mjerumani akarudi nyuma, Morogoro, Rufiji, kusini, Msumbiji, mpaka wakaja kusalimu amri huko Abercorn ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Maana yake mtu wa Mvumi aliyechukuliwa na Wajerumani kachukuliwa kabla ya Agosti 1916. Hapo umeshapata ukuta mmoja wa nyumba yako. Kama mke alikuwa na mimba, huyo dada mkubwa kazaliwa 1916 au mwanzoni mwa 1917. Na Mtunya inahesabiwa kuanzia 1917 mpaka 1920. Umeona? Wazee wako hawajakosea hata kidogo, "Mtunya inaanza" imekaa pale pale.

Nieleze kidogo Mtunya ilitokana na nini maana vijana mnaambiwa ni ukame tu. Ugogo kuna ukame miaka yote na watu walijua kuishi nao, walikuwa na ng'ombe, walikuwa na uwele na mtama ghalani, ukikosa unapeleka mbuzi kwa ndugu wa mbali unapewa nafaka. Vita ndiyo ilivunja hiyo kamba. Mjerumani alichukua ng'ombe na nafaka za kulisha jeshi, akachukua wanaume wa kubeba mizigo. Mwingereza akaja akachukua tena, ng'ombe na wanaume vile vile. Mashamba yakabaki na wanawake na watoto. Ndipo mvua zikakosa, watu hawana ghala, hawana mifugo ya kubadilisha, hawana mikono ya kulima. Halafu mwisho wa 1918 ikaingia na ile homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Katika Wagogo inakadiriwa karibu mtu mmoja kati ya watano alikufa. Kwa hiyo hilo jina la kunyang'anyana sio mfano wa maneno, ni walichokiona.

Nzige sasa. Hapa uwe makini kwa sababu nzige wamekuja zaidi ya mara moja. Kuna wale wa miaka ya 1890, na kuna wale wakubwa walioanza mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaendelea mpaka katikati ya miaka ya 1930. Utajuaje ni wapi? Tumia Kongwa. Mradi wa karanga ulianza 1947 na serikali ya Uingereza ikautangaza kuwa umekufa Januari 1951. Kama babu yako alikuwa kijana katoka jando hajaoa, tuseme ana miaka 16 mpaka 20, basi kazaliwa kati ya 1927 na 1934. Nzige wa 1890 hapana, angekuwa na miaka zaidi ya hamsini. Na 1940 ya kitambulisho hapana, angeenda Kongwa ana miaka saba mpaka kumi tu.

Kwa hiyo miaka yako haigongani. Babu yako kazaliwa takriban 1930, dada yake 1916 au 1917, na kati yao kuna pengo la miaka kama kumi na nne. Swali lililobaki sio la miaka, ni la watu. Hilo sitalijibu mimi, waulize wazee, lakini kwa adabu na kwa zamu.

---

Mjukuu wa Mvumi:

Shikamoo mwalimu. Nimesoma hii mara tatu, nimeikopi kwenye daftari. Hiyo ya Kongwa imenifungua macho. Nina rekodi ya babu mwenyewe aliyoifanya binamu yangu kabla hajafariki, anaeleza kwamba kazi yake ilikuwa kufyeka na kubeba mawe nyuma ya trekta, udongo ukikauka unakuwa mgumu kama saruji majembe yanakatika, na mibuyu ilikuwa inawashinda mpaka nyuki wanatoka kwenye mapango ya mti wanawafukuza Wazungu. Analeta sauti ya nyuki kwa mdomo kabisa. Nilidhani anatia chumvi.

---

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba. Hakutia chumvi. Mibuyu, nyuki, udongo mgumu na mvua haba ndivyo vilivyoua ule mradi, na zilizama paundi milioni 36 za wakati ule. Walikuja kutafuta mafuta ya kula ya Waingereza baada ya vita ya pili na hawakuwauliza Wagogo kwa nini pale hapalimwi. Itunze hiyo sauti, itoe kwenye simu uiweke sehemu mbili au tatu, memori kadi huwa zinakufa bila kuaga.

---

Mngindo Halisi:

Mimi naomba niongeze tahadhari moja kwa sababu ilinigharimu karibu mwaka mzima. Sisi asili yetu Liwale. Kwetu wazee wakisema "vita ya Mjerumani" wanaweza kuwa wanamaanisha vita mbili tofauti kabisa. Bibi yangu alikuwa anasimulia kwamba babu yake kafa kwenye vita ya Mjerumani na mimi nikaandika 1914 mpaka 1918, nikajenga ukoo mzima juu ya hapo, watoto wakawa wanazaliwa baba kashakufa kama hivi kwako. Siku moja akanitajia kitu kidogo tu, kwamba walichoma boma. Nikashtuka. Boma la Liwale lilichomwa Agosti 1905, vita ya Majimaji, wiki chache tu baada ya Wamatumbi kung'oa pamba kule Nandete. Kumbe mzee kafa katika Majimaji ama kwenye njaa iliyofuata, maana askari wa Mjerumani walikuwa wanachoma mashamba na maghala makusudi ili watu washindwe kwa njaa. Nikarudisha ukoo nyuma miaka kumi na kila kitu kikakaa.

Kwako nadhani ni vita ya 1914 kwa sababu Majimaji haikufika Mvumi, ila kwa wengine mnaosoma hapa, kama ni watu wa Kilwa, Rufiji, Lindi, Songea, Mahenge, Masasi, muulize mzee wako, hiyo vita ilikuwa ya maji au ya mizigo? Atakuelewa mara moja. Kwetu wanatofautisha hivyo hivyo.

Na kingine, msitegemee kukuta kijiji. Watu wetu walihamishwa miaka ya arobaini kwa sababu ya malale, wakakusanywa sehemu moja, na maeneo yao ya zamani yakaingizwa kwenye pori la Selous. Makaburi ya babu zangu yako humo kwa tembo. Nina majina ya mito tu niliyopewa na bibi, na nimefanikiwa kuiona kwenye ramani mitatu kati ya saba.

---

Kijana wa Machakos:

Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu Ukambani pia njaa ndio kalenda, kila njaa ina jina. Nyanya yangu alikuwa akisema mama yake aliolewa baada ya Yua ya Ngomanisye, hiyo ni ile njaa mbaya ya mwisho wa miaka ya 1890, reli ya Mombasa ikijengwa. Na hata ya juzi juzi miaka ya 1980 inaitwa Nikwa Ngwete, yaani nakufa na pesa mkononi, kwa sababu pesa watu walikuwa nazo lakini chakula cha kununua hakuna.

Nataka kusema kuhusu kutafuta majina ya waliokufa vitani kwa sababu najua utajaribu. Ile Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha kwenye mtandao, unatafuta bure kwa jina. Mimi ilinisaidia sana. Familia yetu imesema siku zote kwamba ndugu ya babu yangu alifia Bama, yaani Burma, kwenye vita ya pili ya dunia. Ndivyo tulivyokua tukijua, hata wimbo wa nyanya ulisema Bama. Kumbe hakufika. Alikuwa kwa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, kile cha 301, na meli yao Khedive Ismail ilitoka Mombasa ikipeleka wanajeshi Ceylon, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944. Ilizama kwa dakika chache sana, watu 1,297 walikufa. Jina lake nimeliona kwa orodha na namba yake ya jeshi. Niliposomea babangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama kulikuwa na mtu aliyeogelea. Walikuwepo waliookolewa, zaidi ya mia mbili, lakini yeye hakuwa.

Sasa kwa upande wako ndugu, nisikupe matumaini ya uwongo. Hiyo ni ya Waingereza, na babu yako alikuwa upande wa Wajerumani. Na hata upande wa Waingereza, wabeba mizigo wa vita ya kwanza hawakuandikwa majina kwenye makaburi. Waliokufa wanakaribia laki moja upande wa Waingereza peke yake, na wengi wamebaki bila jiwe. Tume yenyewe ilitoa ripoti 2021 ikakiri hilo na kuomba radhi. Kilichobaki ni majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi, yametoka kwa hicho kikosi cha wapagazi. Usipoteze nauli kumtafuta kwa orodha. Jina lake liandikwe na nyinyi.

---

Mama Wawili Dom:

Nimesoma yote na nashangaa wanaume mmezunguka miaka yote hiyo mmeruka kitu kilicho mbele yenu. Mwanangu Mjukuu wa Mvumi, bibi yako mkuu alibaki mjane kijana ana mtoto mchanga katikati ya njaa. Unadhani alikaa peke yake miaka kumi na nne? Kwetu mjane alikuwa anarithiwa na mdogo wa marehemu. Na watoto waliozaliwa humo wanahesabiwa ni wa marehemu, wanaitwa kwa jina lake, wanarithi ng'ombe wake. Kwa hiyo wazee wakikwambia "babu yako ni mtoto wa yule aliyechukuliwa" hawajakudanganya, kwa mila ni mtoto wake kabisa. Ndiyo maana wanakwambia "ndivyo ilivyo". Kwao hakuna kilichogongana.

Ila usiende kuuliza "nani alimzaa babu" kwa maneno hayo, utafukuzwa na mbuzi hutoziona. Swali hilo lina matusi ndani yake. Uliza hivi: wakati ule wa Waingereza, kodi ya nyumba ya bibi alikuwa analipa nani? Kila nyumba ilikuwa inalipiwa, na nyumba ya mjane lazima ilikuwa na mwanaume anayekwenda kusimama mbele ya karani. Huyo ndo mtu wako. Na muulize mwanamke, tena mwanamke aliyelala chumba kimoja na huyo bibi akiwa mtoto. Kuna aliye hai?

---

Mjukuu wa Mvumi:

Mama, yupo. Shangazi, mtoto wa yule dada mkubwa wa babu, alilelewa na bibi huyo huyo mpaka anaolewa. Yuko Mvumi, ana zaidi ya miaka themanini, macho yanamsumbua ila akili iko vizuri kabisa. Sikumuuliza yeye zaidi ya mara moja kwa sababu wanaume walikuwa wakimkatisha. Naenda Ijumaa.

---

Mwalimu Mstaafu:

Mama Wawili, nakuvulia kofia, hilo la kodi nimelifundisha darasani miaka yote na sikuliona hapa. Kijana, ukifika msikilize pia anataja pesa gani. Wakisema walilipa kwa rupia basi ni kwa Mjerumani au miaka michache baada yake, kwa sababu shilingi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Usihangaike na neno hela, lilitokana na sarafu ya Mjerumani kweli lakini tunalo mpaka leo kwa hiyo halikupi mwaka. Rupia inakupa.

---

Mjukuu wa Mvumi (siku tisa baadae):

Wakuu nimerudi, samahani nimechelewa, nilirudi Jumapili lakini nikashindwa kuandika.

Nilienda na mke wangu, yeye ndo alikaa karibu na shangazi, mimi nikakaa nyuma kidogo na simu chini ya mkeka inarekodi, shangazi anajua na amekubali. Tulianza na habari za mvua na wajukuu. Tulikula uwele na mlenda. Halafu mke wangu akauliza kama mama alivyosema, kodi ya bibi ilikuwa inalipwa na nani.

Shangazi hakujibu. Aliinuka, akaingia ndani anapapasa ukuta, akatoka na kopo la bati la zamani lililoshika kutu, limefungwa na uzi wa katani. Ndani yake kulikuwa na shanga za bibi, kisu kidogo kisicho na mpini, na makaratasi yaliyokunjwa mara nne. Mchwa wamekula kona. Akampa mke wangu akamwambia "soma, mimi sioni tena." Zilikuwa stakabadhi za kodi. Nyingi hazisomeki. Moja inasomeka mwaka vizuri, 1934, kwa wino wa bluu uliopauka, shilingi, na jina la aliyelipa. Sio jina la babu mzaa babu. Ni jina la mdogo wake. Mimi hilo jina nimelisikia kwenye rekodi zangu mara mbili tu na zote wamesema "baba mdogo" wakapita. Kwenye mchoro wangu wa ukoo sikumuwekea hata mstari.

Nikamwambia mke wangu amuulize huyu alikuwa nani. Hapo shangazi akaanza na hakuna aliyemkatisha.

Kaka yake alipochukuliwa yeye alikuwa bado mvulana, labda kumi na tatu au kumi na nne, ndo maana Wajerumani hawakumchukua. Alikuwa anachunga. Ng'ombe wakachukuliwa, akabaki na mbuzi wachache. Mtunya ilipokolea, shemeji yake ana mtoto wa kunyonya na maziwa yamekauka, huyu mvulana aliwasindikiza kwa miguu upande wa Uhehe na mbuzi watatu wa kubadilisha nafaka. Mbuzi mmoja waliibiwa usiku. Shangazi anasema bibi alikuwa akifika hapo kwenye hadithi anaonyesha mgongo wake wa mkono, kwamba mtoto alikuwa mwembamba hivi, na kwamba kijana alimbeba yeye mtoto sehemu kubwa ya safari kwa sababu mama hakuwa na nguvu. Walikaa huko msimu mmoja au miwili wakilima kwa watu. Wakarudi. Tembe lilikuwa limeanguka paa, wakalijenga tena wawili.

Walimsubiri kaka miaka mingi. Hilo ndo lililoniuma zaidi. Kwa sababu hakuna aliyeleta habari kwamba kafa. Waliorudi kutoka kusini walikuwa wanaulizwa mmoja mmoja, kila mmoja anasema sikumuona. Kwa hiyo bibi hakuwa mjane wala hakuwa na mume. Wazee walikaa zaidi ya mara moja na bibi akakataa, akisema mtu anarudi. Ni mpaka yule binti anakaribia kuchezwa ndipo bibi mwenyewe akakubali matanga yafanyike bila mwili, na baada ya hapo kijana, ambae sasa ni mtu mzima, akamrithi. Ndo mwalimu pengo lako la miaka kumi na nne. Babu yangu akazaliwa mwaka wa nzige, akapewa ukoo na ng'ombe wa yule aliyepotea.

Nilimuuliza shangazi kwa nini huyu mtu hatajwi. Akasema yeye mwenyewe hakutaka. Babu yangu akimwita baba, yeye anageuka anamwambia "baba yako kaenda safari." Mpaka anakufa.

---

Mama Wawili Dom:

Nimelia mwanangu. Kumbe alimsubiria kaka yake hivyo.

---

Mngindo Halisi:

Daah. Kafa lini huyu mzee?

---

Mjukuu wa Mvumi:

Shangazi anasema babu alikuwa ameshaoa na baba yangu anatambaa, kabla ya uhuru kidogo. Nakadiria mwisho wa miaka ya hamsini. Kazikwa kwenye mahame, pale tembe la zamani lilipokuwa. Wakati wa operesheni 1971 walipohamishiwa kijijini, lile tembe likabomolewa na hakuna aliyebaki kule. Baba anakumbuka siku hiyo, wanabeba milango kichwani, lori limebeba watu wa kaya mbili kwa mpigo, na babu anarudi nyuma mara ya pili akasema kasahau kitu. Alikaa kule mpaka jioni. Sisi siku zote tulisimuliwa kwamba alirudi kutafuta kuku.

---

Mwalimu Mstaafu:

Naikumbuka ile Operesheni Dodoma. Ilitangulia ile ya nchi nzima ya 1973 na kuendelea, na Nyerere mwenyewe alikuja Chamwino kufyatua matofali na wananchi. Kulikuwa na shule na zahanati na maji vilivyoahidiwa, na vingine vilikuja kweli. Lakini katika mafaili ya serikali hutakuta sehemu iliyoandikwa kwamba mtu aliacha kaburi. Kijana, nenda pale na watu wanaopajua wakiwa bado hai. Ukipata nafasi ya kwenda Dar, Nyaraka za Taifa wana vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza, humo utaona njaa na nzige na kodi za sehemu yenu zilivyoandikwa na mabwana wa wilaya wenyewe. Lakini mahame kwanza, Dar baadae. Vitabu vitasubiri.

---

Kijana wa Machakos:

Na ule msalaba wa 1940?

---

Mjukuu wa Mvumi:

Baba amesikiliza rekodi yote juzi usiku, masaa mawili na nusu, hakusema kitu mpaka mwisho. Asubuhi akampigia fundi simu. Tutaandika "mwaka wa nzige, takriban 1930".

Jumamosi ijayo tunaenda mahameni. Shangazi anasema alama ni mbuyu wenye tundu upande wa mashariki na mawe matatu ya kusagia yaliyobaki pale kwa sababu hayabebeki. Macho yake hayaoni mbali lakini anasema akishashika ule mbuyu kwa mkono atajua aelekee wapi, na amekataa kubebwa na pikipiki, anataka aende kwa miguu. Ni kama kilomita nne. Tunaondoka alfajiri kabla ya jua.

Swali langu la mwisho kwenye huu uzi: kule hakuna mtandao kabisa. Nataka nichukue lokesheni ya hilo kaburi kwa simu isipotee tena. Kuna anayejua namna ya kuihifadhi bila kuwa na data?

---

Mngindo Halisi:

Ipo mkuu. GPS ya simu inafanya kazi bila bando. Pakua ramani ya eneo ukiwa bado mjini, ukifika washa lokesheni, simama sehemu ya wazi dakika mbili tatu itulie, halafu hifadhi ile pointi. Na ziandike zile namba kwenye karatasi, umpe baba nakala na shangazi nakala, azitie kwenye kopo.